Sura ya Nane: Kinywa cha Bi Sangwan

Chai ya zamu ya asubuhi ilikuwa bado haijachemka pale Bi Sangwan alipoingia kituo cha polisi cha Phetchaburi. Alimpita askari wa kaunta kana kwamba ni kiti, akasimama mbele ya meza ya Inspekta Direk na kumsogezea usoni ubao wake mdogo mweupe. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kubwa: WAMENING'OA UKUTANI!

Direk aliinuka, akaunganisha viganja kifuani. "Shikamoo, Shangazi. Keti kwanza."

Hakuketi. Aligonga ubao kwa ukucha. Kitambaa cha hariri alichojifunga shingoni kilikuwa kikipanda na kushuka kwa pumzi.

"Afande," Sajini Malai alinong'ona kutoka meza ya pili, "huyu bibi alikuwa ukutani anafanya nini?"

Malai alihamishiwa mkoa huu mvua zilipoisha, kwa hiyo tumsamehe. Mwenyeji asingeuliza. Mafundi chokaa wa Phetchaburi ni watu wa utani mbaya tangu enzi za babu zao. Kwingine, sanamu zinazobeba ukumbi mkuu wa hekalu mabegani ni majitu ya hadithini na ndege wa mbinguni. Hapa, fundi akiachiwa msingi wa ukumbi bila mtu wa kumchunga, utakuta mbebaji mmoja ana sura ya diwani aliyekula pesa za daraja, na mwingine ni yule mwalimu wa hesabu mwenye fimbo. Na ukijiona umefinyangwa pale, nyamaza, maana ukilalamika umeshakiri kuwa ni wewe.

Bi Sangwan alifinyangwa na Fundi Huan katika hekalu la Yot Tan, zamani, wakati wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. Alichuchumaa na ukumbi mzima begani, mwavuli mkononi, na mdomo wazi hadi kilimi kinaonekana. Mji ulicheka wiki nzima. Yeye hakununa wala nini. Kesho yake aliwaleta wageni mbele ya sanamu ile na kuwaambia, "Tazameni, huyu ndiye mimi. Kosa lake moja tu, mdomo wameufanya mdogo."

Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwapokea wageni na kuwatembeza mkoani. Direk mwenyewe alimfuata akiwa darasa la nne, kaptula inamvuka, wamepangwa mstari nyuma ya mwavuli kutoka mtoni hadi hekaluni. Hadi leo aliyakumbuka maneno yale neno kwa neno: "Karibuni Phetchaburi, mji wa ladha tatu! Utamu wa mti wa mvumo, chumvi ya mashamba ya pwani, uchachu wa ndimu. Ya nne ni mdomo wangu, nao siutozi." Kisha alicheka, na cheko lile ulilisikia ng'ambo ya mto.

Mwaka jana ugonjwa ulimkaa kooni. Madaktari wa Bangkok walimwokoa, lakini sauti waliikata na kuibakiza hukohuko, wakamwachia tundu la kupumulia shingoni. Watu walidhani atakaa nyumbani. Ajabu ni kwamba aliendelea. Aliwafuata wageni kimyakimya na mwavuli wake, na walipofika mbele ya sanamu alikionyesha kile kinywa, halafu akajionyesha mwenyewe. Wageni walicheka, na uso wake ukawaka kama zamani. Hicho ndicho kilichobaki cha kumtoa kitandani.

Bi Sangwan alifuta ubao kwa kiganja na kuandika tena: KESHO TRENI YA WAGENI INAFIKA. NITAWAONYESHA NINI?

Inspekta Direk alichukua kofia yake. "Tutaitafuta, Shangazi. Leo hii."

*

Hekaluni watawa walikuwa wamesharudi kutoka kupokea sadaka ya chakula, na ua ulinukia wali na samaki wa kukaanga. Mbele ya msingi wa ukumbi mkuu Malai aliinama na kulitazama tundu. Lilikuwa na ukubwa wa fenesi. Diwani alikuwepo kushoto, mwalimu wa hesabu kulia, na katikati hapana mtu.

"Kima, Afande," alisema Malai. "Juzi pale Kilima cha Kasri nimeona mmoja anampokonya mtalii miwani."

"Kima akipokonya miwani anataka ndizi. Huyu alitaka nini?"

"Basi wauza vitu vya kale."

"Sanamu hii haina umri wa kuuzika. Chuchumaa hapa, uniambie unaona nini."

Malai alichuchumaa, akatia mikunjo kwenye suruali aliyoipiga pasi. "Kingo zimenyooka. Na hapa chini kuna michirizi ya maji, lakini mvua haikunyesha."

"Vizuri. Chokaa kavu ukiigonga, inapasuka ovyo. Huyu ameilowesha kwanza, akaiacha inywe maji, ndipo akakata. Endelea."

"Ndani ya tundu kumepakwa kitu cheupe. Kibichi bado." Malai alinusa. "Na kuna siafu."

"Sisimizi, Malai. Siafu wangekuwa wameshakufukuza."

Kweli, mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa ukipanda ukutani kutoka kwenye nyasi, ukaingia tunduni, ukatoka. Direk alichovya ncha ya kidole katika ule weupe na kuigusisha ulimini.

"Lo! Afande, unakula ushahidi!"

"Bibi yangu alitafuna chokaa na tambuu maisha yake yote, akazika waume wawili." Alitema mate pembeni. "Sukari. Tena sukari ya mvumo. Mafundi wa zamani waliiponda pamoja na chokaa ili ishike, na ikauke polepole wapate muda wa kufinyanga. Vijana wa leo wanatia saruji, wamalize wakanywe bia." Alijifuta kidole kwa leso. "Sasa niambie, mwizi gani huyu anayepaka dawa jeraha aliloliacha? Ameziba ndani ili maji yasiingie ukutani. Ameng'oa, lakini ameuonea ukuta huruma."

"Basi ni Fundi Huan huyohuyo aliyeitengeneza. Twende tukamchukue, tule mchana mapema."

"Huan hagusi chokaa siku hizi. Mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai anashikiwa. Mtu wa namna hiyo hakati kingo zilizonyooka." Direk alisema hivyo kwa uhakika, na hapo ndipo alipokosea, kama mtakavyoona.

Malai alikuwa akipapasa nyasi. Aliinuka na kitu kiganjani, kidogo, cheupe, chenye mkunjo. Lilikuwa sikio la chokaa lenye hereni. Direk alilichukua na kuligeuza. Sikio lile alilijua, aliwahi kulivuta akiwa mtoto na Bi Sangwan akamchapa na mwavuli.

"Imevunjika," alisema Malai taratibu.

"Usimwambie mtu. Yeye hasa, usimwambie." Alilifunga sikio katika leso na kulitia mfukoni.

Mtawa mmoja aliyekuwa anafagia majani chini ya kengele aliacha ufagio alipowaona wanasimama. Yeye hakuona mtu aking'oa, alisema, alfajiri wote walikuwa njiani na mabakuli ya sadaka. Ila jana alimwona yule kijana wa ofisi ya wageni, Bwana Ratchata, akiipima sanamu kwa futi kamba, urefu na upana, na kina pia.

*

Ratchata walimkuta stesheni ya treni, amezungukwa na maboksi ya vifaa vya masikioni. Shati lake jeupe halikuwa na tone la jasho, jambo la kutia shaka katika mkoa huu saa zile.

"Jana ulipima sanamu ya Bi Sangwan," alianza Direk. "Kwa nini?"

"Nilitaka kujua maua mangapi yatatosha."

"Maua?"

"Kuifunika, Afande. Kesho tunao wageni wa heshima. Mtu anaingia hekaluni, jambo la kwanza anatazama kilimi cha mwanamke! Nilimwomba Mtawa Mkuu aiondoe, akakataa. Nikasema basi, nitaweka chungu cha maua mbele yake."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, napokea maboksi. Muulize mkuu wa stesheni, alinitukana kwa sababu nimemwamsha."

"Nionyeshe mikono."

Ratchata aliinyoosha. Ilikuwa laini, kucha zimekatwa vizuri, hakuna mpasuko wala wekundu. Chokaa mbichi haikuachi hivyo.

"Umenunua sukari ya mvumo wiki hii?"

"Mimi? Nina kisukari, Afande!"

Malai aligeuka akajifanya anasoma ratiba ya treni, mabega yakimtetemeka. Ratchata alichukua kimoja cha vile vifaa na kumpa Direk. "Sikiliza mwenyewe. Kila mgeni anavaa, anatembea, anaelezwa. Hachoki, hachelewi. Tumemlipa msomaji mzuri kabisa."

Direk alivaa. Sauti ya mwanamke asiye na kikohozi ilimwambia kuwa Phetchaburi ni mkoa wa kihistoria uliopo kusini-magharibi mwa mji mkuu, wenye mahekalu mengi na mandhari ya kuvutia. Alingoja utani. Haukuja. Alingoja harufu ya poda na sukari iliyochemka, na ile keki ya mayai na tui la nazi ambayo Bi Sangwan aliwagawia watoto vipande kwenye majani ya mgomba, akiwafokea wasidondoshee hekaluni. Alikivua na kukirudisha.

"Kwa nini hamkurekodi sauti ya Bi Sangwan alipokuwa nayo?"

"Walionitangulia ofisini walimwomba. Aliwaambia anayetaka kumsikia aje." Ratchata alishusha macho kwenye maboksi yake. "Afande, mimi si adui yake. Mama yangu alinileta kwake nikiwa mdogo. Lakini kesho nitawapa watu nini, kimya?"

Walipotoka nje jua lilikuwa limeshakaa utosini. "Si yeye," alisema Malai kwa masikitiko. "Nilikuwa nimeanza kumchukia vizuri."

"Si yeye. Twende sokoni."

*

Dada Puang aliuza sukari ya mvumo kona ileile alikouza mama yake, nyuma ya vyungu vilivyopangwa hadi kifuani. Aliwaona polisi, akaanza kabla hawajauliza.

"Kama ni habari ya mzani, nimeshaurekebisha!"

"Si mzani, dada," alisema Direk. "Nataka kujua nani ananunua sukari kwako."

"Phetchaburi hii? Uliza nani hanunui, tutamaliza upesi."

"Sukari safi kabisa. Isiyotiwa ya miwa."

"Ya kwangu yote ni..." Puang alimtazama usoni na kuliacha neno likining'inia. "Haya. Ile safi yenyewe, ya mgema kuchemsha mwenyewe, naiweka chini ya meza. Wateja wake wachache. Wapishi wawili watatu wenye viburi vyao. Na juzi, Fundi Huan."

Direk alikuwa ameshageuza mguu aende. Alirudi. "Fundi Huan amekuja?"

"Mwenyewe, kwa miguu yake. Miaka sijamwona. Nikamtania, nikamwambia, mzee, sukari yote hii, unaoa? Hakucheka." Puang alitikisa kichwa. "Huan yule, Inspekta. Mtu aliyecheka hadi msibani kwa baba yake. Nikajua huyu ana jambo."

"Mikono yake?"

"Inatetemeka kama kawaida. Nilimfungia mimi. Lakini akipiga hesabu yake kwenye meza kwa kidole, kama fundi anapima, naona kidole kimetulia tuli."

Direk alisimama pale sokoni akajiita mjinga kimoyomoyo. Alikuwa ameitazama mikono ya Huan ikishika vikombe. Ikishika chokaa, hakuwa ameitazama tangu alipokuwa mtoto.

*

Karakana ya Huan ilikuwa ng'ambo ya mto, banda la bati kati ya mivumo miwili. Walisikia mchi kabla hawajaliona banda. Ulipiga, ukakaa, ukapiga tena, kwa mwendo wa mzee. Direk aliinamisha kichwa mlangoni, akamwita kama mji mzima ulivyowaita mafundi wakuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Nilijua ni wewe utakayekuja, nikasema afadhali." Fundi Huan aliuacha mchi ndani ya kinu. Alikuwa amekonda, shati limembaki kama la mtu mwingine, na vidole vyake vilikuwa vyekundu vimepasuka. "Vua viatu tu. Huyo binti naye."

Juu ya benchi palikuwa na sinia lenye vipande vyeupe. Goti. Nusu ya mwavuli. Paji la uso. Direk alitoa leso mfukoni, akaifungua na kuliweka sikio kando yao.

"Nilikuwa nalitafuta hilo," alisema Huan.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kukata nilikata vizuri. Nikiwa na kisu mkono unanitii, sijui kwa nini. Ila kubeba! Nilipoibeba mikono ikakumbuka uzee wake. Ikanitoka."

"Nauliza kwa nini uliing'oa."

Mzee alikaa kwenye gogo. "Fundi aliyenifundisha alinikanya. Huan, mtu aliye hai usimfinyange ukamkamilisha, acha kitu. Jicho moja, kidole, chochote. Ukimkamilisha umemchukulia uhai wake ukauweka ukutani. Diwani nilimwachia kidole. Mwalimu wa hesabu hana sikio moja, kaangalie. Lakini Sangwan..." Alijikwangua chokaa mkononi. "Sangwan alikuwa ananipita kila siku na wageni wake, ananipigia kelele, Huan mvivu, Huan bado hujamaliza! Nilikuwa nampenda, basi. Sikuwa na kitu cha kumwambia mwanamke mwenye maneno mengi vile. Nikamfinyanga. Nikamkamilisha mzima. Na koo, mwanangu, nilichukua msumari nikalichimba kwa ndani, nikachimba hadi mwisho, watu waone kilimi."

Malai aliacha kuandika.

"Kisha madaktari nao wakamchimba palepale," alisema Huan. "Nikisikia wageni wanacheka pale mbele yake, nasikia huo msumari. Nikasema nitakifunga kinywa hicho. Nimfinyange mpya, mdomo umefumbwa, ametulia, mzuri kama alivyo. Niirudishe kabla ya treni ya kesho. Labda yaliyobaki yake yatabaki salama."

Alinyanyuka na kuondoa kitambaa kilicholoweshwa juu ya meza ya dirishani. Inspekta Direk alijikuta ameunganisha viganja bila kukusudia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya kwanza. Mwanamke amechuchumaa, mwavuli mkononi, ukumbi utakapokuja kumkalia begani atabeba bila kulalamika, na midomo imefumbwa kwa tabasamu dogo la upole. Ungeweza kuiwekea ubani.

"Inakauka lini?" aliuliza.

"Hadi kesho alfajiri ni laini. Ndiyo raha ya sukari."

Direk alimgeukia sajini wake. "Nenda kamlete."

"Usimlete!" Huan alishika meza. "Nikamate mimi, andika unachotaka, lakini usimlete hapa."

"Yeye ndiye mlalamikaji, Mwalimu. Ana haki ya kuona."

*

Bi Sangwan aliingia na mwavuli, ubao kwapani. Alimwona Huan, kisha sinia. Alikwenda kwenye sinia moja kwa moja. Alichukua kipande cha paji la uso, akakirudisha, akachukua sikio na kulishika dhidi ya sikio lake mwenyewe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Direk alimsimulia yote, kwa sababu Huan hakuweza. Msumari alimweleza. Hata neno la kupenda alilisema, akitazama sakafu kama mvulana wa darasa la nne. Alipomaliza kulisikika tu pumzi ya Bi Sangwan ikipita kwenye tundu lile chini ya kitambaa.

Hapo ndipo alipogeuka akaiona ile mpya.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Alishusha kichwa kuitazama kutoka kulia, kisha kutoka kushoto. Aligusa shavu, akagusa mwavuli mdogo, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, na Huan akaanza kupumua.

Bi Sangwan aliweka ubao chini. Alikunja mkono wa blauzi. Kisha akaweka kidole gumba katikati ya ile midomo iliyofumbwa, akasukuma.

"Sangwan, acha!" alilia Huan. "Utaharibu! Utajiharibu!"

Hakuacha. Chokaa iliachia polepole, tabasamu likapasuka, na kidole kikaingia hadi kifundo. Alikizungusha. Taya la chini lilishuka, likapinda kidogo upande, na kinywa kikafunguka pana kuliko cha kwanza. Huan alimshika kiwiko. Aliupangua mkono wa mzee kama anavyofukuza nzi, akaingiza kidole cha shahada, akachimba kwa ndani, akachimba hadi mwisho.

Alipokitoa, alirudi nyuma hatua moja na kuikagua kazi yake. Uso ulimkunjamana. Kuna kitu hakikumridhisha. Aliutazama ule uwazi, akamtazama Huan, akakunja nyusi kwa ukali uleule wa miaka yote, wa Huan mvivu, Huan bado hujamaliza. Kisha akafungua kinywa chake mwenyewe, akatoa ulimi nje wote, akaugonga kwa kidole chenye chokaa, kisha akamwonyesha Huan kinywa kitupu cha sanamu.

Malai alikuwa wa kwanza kucheka. Fundi Huan alitazama ulimi ule, na cheko likamtoka, la zamani, la msibani kwa baba yake, huku machozi yakimwagika. Bi Sangwan naye alicheka, mabega yakiruka bila sauti yoyote.

"Shangazi," alisema Direk, "hili jalada nilifanye nini?"

Hakumsikiliza. Alikuwa amemshika Huan mkono unaotetemeka na kumvuta hadi kwenye kinu. Mzee aliingiza vidole, akamega donge la chokaa, akaanza kulivingirisha taratibu kiganjani.